Kijaluba au kasha? Mwongozo wa kupima ukubwa wa redio ya ridhaa unayojitengenezea

Bibi yangu wa Wete alikuwa na kijaluba cha bati cha kutilia uraibu: urefu sentimita 9, upana 6, kimo 2. Kilipobaki bila mwenyewe kikaangukia kwangu, na kwa kuwa mimi tambuu siijui, nikakitilia redio ya ridhaa, yaani ya mtu anayewasiliana hewani kwa mapenzi yake na si kwa biashara. Transista chache, saketi ya LM386 ya kukuzia sauti, koili tatu, na rezista na kapasita za kujaza kiganja. Siku ya kwanza niliipiga picha zaidi ya nilivyoisikiliza. Siku ya pili nikafunga kifuniko, masafa, yaani mahali redio inaposikilizia, yakahama kilohezi nne. Siku ya tatu waya wa antena, mzito kuliko redio yenyewe, uliivuta ikaanguka sakafuni. Mjomba wangu akaiokota, akaigeuzageuza, akaniuliza: "Hii umeitengeneza kwa vidole vya nani, mwanangu? Vya mtoto wa chuoni?"

Nikakasirika, nikatengeneza ya pili ndani ya sanduku la amplifaya mbovu. Hiyo ilikuwa kasha kweli. Ilisafiri kwenda Mkoani mara moja tu, na mchukuzi wa bandarini alinitoza kama mwenye mzigo wa biashara.

Baina ya kijaluba na kasha kuna ukubwa unaofaa, na haupatikani kwa kukisia. Vipande vya saketi siku hizi ni vidogo mno, vinaweza kuingia popote. Kinachoamua ukubwa ni vidole, plagi, joto na ile siku utakayohitaji kuifungua uitengeneze. Hapa chini ni njia ninayoifuata mimi, kwa mfano wa redio moja: ya kupokea na kurusha kwa Morse (milio mifupi na mirefu inayopigwa kwa ufunguo), bendi ya mita 40 (karibu na megahezi 7), nguvu wati 5, umeme volti 12. Ukijenga ya bendi nyengine hesabu zitabadilika, mwendo ni uleule.

Kabla ya yote, leseni. Kusikiliza ni hatua moja, kurusha ni nyengine, na ya kurusha inahitaji leseni kutoka Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), uwe Unguja au uwe Pemba. Majina ya vituo vya Tanzania huanza na 5H. Zamani Zanzibar ilikuwa na VQ1 yake, na katika orodha ya DXCC ya wawindaji wa vituo vya mbali ilihesabiwa peke yake mpaka tarehe 31 Mei 1974. Ndiyo maana baadhi ya wazee wa Ulaya na Marekani wakisikia "Zanzibar" hewani huchangamka hata kama haiwaongezei alama.

Hatua ya 1: Amua redio itaishi wapi

Usiseme "popote". Redio ya popote ndiyo iliyonipeleka kwenye kijaluba. Kuna redio ya mezani, isiyohama. Kuna ya begi, inayopanda daladala na boti. Na kuna ya mfukoni. Chagua moja uiandike kwenye karatasi.

Kwa visiwani, naona wengi wetu tunahitaji ya begi. Nyumba za mjini zimebanana, televisheni na chaja za majirani zinanguruma katika mawimbi mafupi usiku kucha, na sehemu nzuri ya kusikilizia iko shamba au pwani. Halafu kuna umeme. Waliokuwepo Unguja tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa chini ya bahari kutoka bara ulipoharibika na kisiwa kikakaa gizani karibu miezi mitatu, hawahitaji kuelezwa kwa nini redio ifanye kazi kwa betri.

Ya mfukoni ina raha yake, sikatai. Lakini ijengwe ikiwa redio ya pili, ukishajua ni kitu gani unakubali kukikosa.

Hatua ya 2: Tandika begi lote kitandani

Hatua hii wengi wanairuka, nami niliiruka. Kabla ya kupima redio, weka kitandani kila kitakachofuatana nayo: betri, waya wa antena, kebo, hedifoni, ufunguo wa Morse, daftari, kalamu, kamba ya kurushia juu ya mnazi, chupa ya maji. Sasa tazama.

Betri ya jeli ya volti 12, ampea-saa 7 (Ah 7), ile inayotumika kwenye kengele za ulinzi, ina sentimita 15 kwa 6.5 kwa takriban 9.5. Hiyo ni zaidi ya sentimita za ujazo 900, na uzito unapita kilo mbili. Kijaluba cha bibi kilikuwa na ujazo wa 108. Nilijikunja wiki tatu nikichomeka rezista kwa koleo la nyusi, halafu nikabeba betri kubwa mara nane kuliko redio. Nilichokipunguza ni nini?

Kwa hiyo punguza betri kwanza. Hesabu ni nyepesi. Redio ya namna hii ikipokea hula takriban milliampea 80; ikirusha wati 5 hula kiasi cha milliampea 700 mpaka 800. Ukikaa hewani saa mbili, saa moja na nusu ukisikiliza na nusu saa ukirusha, unatumia 120 na 400, jumla milliampea-saa (mAh) 520. Tena hapo nimehesabu kama kwamba ufunguo umebonyezwa muda wote wa kurusha, na Morse haiko hivyo. Betri tatu za 18650 zilizofungwa mfululizo, kila moja na urefu wa milimita 65 na upana 18, zinatosha na kubaki, na zote pamoja hazifiki gramu 160. Zikijaa zinatoa volti 12.6. Zitafute zenye bodi ya ulinzi, na zisiwe zile zilizofumuliwa kwenye laptopu usiyojua ilikufa kwa sababu gani.

Kebo nayo ina mtego wake. RG-58 ya mita 10 ina uzito wa karibu gramu 400 na ugumu wa mtu aliyenuna. RG-174 ni nyembamba, milimita 2.8, inakunjika kama uzi. Lakini katika urefu huohuo, kwenye megahezi 7, inakunywa karibu desibeli moja: wati 5 zinafika kwenye antena zikiwa 4. Mimi nakubali hasara hiyo kwa kebo ya mita 5, kwa ya mita 20 sikubali.

Hatua ya 3: Pima uso wa redio kwa vidole vyako

Hapa ndipo ukubwa unapopatikana hasa, kwa hiyo usiwe na haraka.

Anza na nobu ya kutafutia stesheni. Volyumu ya kawaida, ile yenye waya tatu, huzunguka nyuzi takriban 270, yaani robo tatu ya duara. Tuseme umeipa kazi ya kuvuka kilohezi 30. Ukiitia nobu ya upana wa milimita 10, ukingo wake unasafiri milimita 24 tu kutoka mwanzo mpaka mwisho. Gawanya: kila milimita ya kidole chako ni hezi 1,270. Mlio wa Morse tunaousikiliza uko kwenye hezi 600 au 700, kwa hiyo ukitetemeka nusu milimita kituo kimekupita. Tia nobu ya milimita 30, unapata hezi 420 kwa milimita. Bado ni kazi, ila mtu mzima anaiweza.

Njia nzuri zaidi ni mbili. Moja, punguza unachotafuta: oskileta (kipande kinachozaa masafa) ya kristali inayovutwa kwa diodi inakupa kilohezi chache tu, tuseme 5, na kwa nobu ya milimita 30 hiyo ni kama hezi 70 kwa milimita. Unaiendesha kama usukani. Ukikaa karibu na megahezi 7.030, wanapokutania watu wa nguvu ndogo, kilohezi 5 zinakuwekea mazungumzo ya kutosha. Pili, tafuta volyumu ya mizunguko 10. Ni ndefu kwa nyuma na bei yake inauma, lakini kilohezi 30 zinagawanyika kuwa 3 kwa kila mzunguko.

Sasa panga uso wote kwa safu moja. Ukingo wa kushoto milimita 10. Nobu ya kutafutia 30. Nafasi ya kidole 20, na hiyo usiipunguze, maana ndimo kidole gumba kinapopita bila ya kugusa nobu ya pili. Nobu ya sauti 20. Nafasi 15. Swichi 12. Ukingo wa kulia 10. Jumla 117, tufanye 120. Kimo: nobu 30 na pembe 10 juu na chini, 50.

Hivyo uso wetu ni milimita 120 kwa 50, na hatujagusa transista hata moja. Ndivyo inavyotakiwa.

Kama mikono yako ni ya mvuvi, ongeza. Mjomba wangu, aliyevuta nyavu maisha yake yote, anahitaji nafasi ya 25 na nobu ya 40, na hakuna saketi ndogo itakayombadilishia vidole.

Hatua ya 4: Pima mgongo

Nyuma kuna soketi ya antena, ya umeme, ya hedifoni na ya ufunguo. Kosa la kawaida ni kupima soketi na kusahau plagi. Soketi ya antena ya aina ya BNC inakaa kwenye tundu la chini ya milimita 13, lakini plagi na mkunjo wa kebo vinachukua sentimita 4 au 5 nyuma ya sanduku. Vidole viwili lazima viishike plagi viizungushe, kwa hiyo baina ya BNC na jirani yake acha milimita 20. Soketi ya SO-239, aina nyengine ya soketi ya antena, ina bamba la milimita 25 kwa 25 na plagi nene kama kidole gumba. Kwa redio ya begi naiacha.

Hedifoni na ufunguo mimi naviweka ubavuni au mbele. Nani anataka kupapasa nyuma ya redio gizani, mbu wanamla, akitafuta tundu la milimita 3.5? Tena zikiwa zote mbili ni za 3.5, siku moja utachomeka ufunguo kwenye tundu la hedifoni. Ya ufunguo ifanye kubwa, ya 6.35, au itie rangi ya kucha.

Kina cha sanduku kinajihesabu hivi: volyumu zinaingia ndani milimita 25 kutoka mbele, bodi ina milimita 70, soketi za nyuma 25. Jumla 120. Ukiiteremsha bodi ikapita chini ya volyumu unaweza kufika 100, lakini basi kila ukitaka kubadilisha kapasita iliyo chini ya volyumu unafungua uso mzima. Mimi nimebaki na 120 kwa 120 kwa 50. Ni ujazo wa 720, mara sita na ushei ya kijaluba, na ndani ya begi bado inazidiwa na ile betri ya jeli.

Hatua ya 5: Ulizia joto kabla halijakujibu

Pima volti na ampea zinazoingia wakati wa kurusha, zidisha, toa wati zinazotoka kwenye antena. Kinachobaki ni joto, na joto hilo litakaa ndani ya sanduku pamoja na oskileta yako.

Mfano: transista moja ya IRF510 ya kurushia, volti 12, ampea 0.7. Zinaingia wati 8.4, zinatoka 5, zinabaki 3.4. Transista hiyo ikisimama peke yake hewani hupanda takriban nyuzi 62 za Selsiasi kwa kila wati. Zidisha: nyuzi 211 juu ya joto la chumba, na kikomo chake ni 175. Ukipiga Morse, nusu ya muda ni kimya, kwa hiyo itavumilia. Siku utakayobonyeza ufunguo dakika moja mfululizo ukirekebisha antena, utasikia harufu. Kwa hiyo ifunge kwenye ukuta wa sanduku, na ukuta ndio uwe hitisinki, yaani wa kunyonya joto. Lakini jihadhari: bamba la nyuma la IRF510 limeungana na mguu wa dreini, na dreini ina volti 12. Weka karatasi ya maika na washa ya plastiki kwenye skrubu, au utaunganisha betri na sanduku zima.

Njia ninayoipenda kwa sanduku dogo ni transista ndogo tatu za BS170 sambamba, zikiendeshwa kama swichi, kwa mtindo wa daraja E. Zikirekebishwa vizuri zinakula karibu ampea 0.52 kwa wati 5 zilezile. Joto linashuka mpaka wati 1.24, yaani 0.41 kwa kila moja. BS170 hupanda nyuzi 150 kwa wati, basi ni nyuzi 62. Ongeza 45 za ndani ya sanduku lililofungwa mchana wa Februari, unafika 107. Kikomo ni 150. Zinapona, na hazihitaji hitisinki.

Hiyo 45 sikuitia kwa mapambo. Redio iliyoachwa juani Paje, juu ya mchanga mweupe, inapata joto la juu na la chini. Ikae kivulini, hata kivuli cha kikapu.

Hatua ya 6: Nani akae karibu na nani

Ndani ya sanduku dogo vipande vinasikilizana kama vyumba vya nyumba moja ya Ng'ambo. Wati 5 zinazotoka ni kubwa mara elfu nyingi kuliko kile kinachozunguka kwenye oskileta, na zikimfikia oskileta, mlio wako hewani utaanza na kilio cha kifaranga: "tiuu" badala ya "ti". Kwa hiyo oskileta iwe pembe moja, transista za mwisho na chujio ziwe pembe ya pili, mbali kadiri bodi inavyoruhusu, na baina yao simamisha kipande cha bodi ya shaba kilicholehemiwa chini.

Chujio la kutoa si la hiari. Bila yake utarusha pia kwenye megahezi 14 na 21, na mwenye redio ya jirani hatakuwa na haja ya kuuliza ni nani. Kwa mita 40 natumia kapasita mbili za pikofaradi (pF) 270 nje na mbili za pF 680 katikati, na koili tatu kwenye pete za unga wa chuma za T37-6: za pembeni mizunguko 21 kila moja, ya katikati 24. Kila waya kupita katikati ya pete ni mzunguko mmoja. Hesabu kwa ndani ya tundu, usihesabu kwa nje. Pete zilizo jirani zigeuze, moja ielekee mashariki na moja kaskazini, ili zisisalimiane.

Koili usizigandishe kwenye ukuta. Acha nafasi ya upana wa pete baina yake na chuma, hasa koili ya oskileta. Kijaluba changu kilihama kilohezi nne kwa sababu hiyo tu: kifuniko kilikuja milimita tatu juu ya koili, na bati likageuka sehemu ya saketi.

Jambo jengine ni kugonga. Redio ya kubadilisha masafa moja kwa moja kuwa sauti ina nguvu kubwa ya kukuza upande wa sauti, na kila mtikisiko unasikika. Kwenye bati jepesi ukigusa meza unasikia "ngo" masikioni. Bodi iliyofungwa kwa skrubu nne juu ya vijiti vya milimita 6, na waya fupi zisizoning'inia, zinatibu sehemu kubwa. Na LM386 usiipandishe mpaka ukuzaji wa 200 ikiwa hukuitia kapasita kubwa mguuni mwa umeme, itapiga kelele kama boti ya doria.

Hatua ya 7: Jenga kwa boksi kwanza

Chukua boksi la viatu, ukate kadibodi ya 120 kwa 120 kwa 50, uigundishe kwa selotepu. Nobu ya kutafutia ni kifuniko cha chupa ya maji, upana wake ni karibu milimita 30 barabara. Ya sauti ni kifuniko cha dawa ya meno. Plagi zitie za kweli, zitoboe zipite. Ndani tia kokoto mpaka uzito ufike gramu 400.

Kaa nayo siku tatu. Iweke pale utakapokaa: barazani, juu ya goti, juu ya mkeka. Fumba macho utafute nobu ya sauti. Vuta kebo uone kama inasogea. Yangu ilisogea, nikakata vipande viwili vya tyubu ya baiskeli nikavigundisha chini, ikatulia. Mtoto wa dada yangu alikuja akazungusha kifuniko cha chupa, akasema hasikii kitu. Nikamwambia na mimi sisikii.

Kadibodi ikikuudhi, ikate upya. Bei yake ni selotepu.

Hatua ya 8: Sanduku lenyewe

Mafundi bati wetu wanakunja alminiamu vizuri sana, na ukimpelekea boksi lako la kadibodi atakuelewa kuliko ukimpelekea mchoro. Ila kwa redio ya kwanza nashauri bodi ya shaba, ileile ya kutengenezea saketi, ilehemiwe pembe kwa pembe. Kata vipande vya chini, mbele, nyuma na mbavu mbili. Shikisha kwanza kwa nukta ya lehemu kila pembe, pima kwa daftari kama pembe imesimama sawa, ndipo ujaze mshono. Ukilehemu mshono mzima kwa mara moja bodi inajikunja. Shaba inalehemika popote, kwa hiyo ukuta wa ndani unautia baadaye unapopenda, na ukikosea tundu unaliziba kwa kipande.

Toboa kabla ya kulehemu kuta. Kekee ya milimita 3 itangulie, halafu pandisha. Tundu la zaidi ya 8 limalize kwa tupa ya mviringo, bodi ya shaba inapasuka ukiilazimisha. Kifuniko kishikwe na skrubu nne. Nimeona redio zimefungwa kwa gundi ya moto, nzuri kwa macho, na mwenyewe anazipasua kwa kisu kila zikizimika.

Hatua ya 9: Jaribu wazi, kisha jaribu ukiwa umefunga

Tengeneza antena bandia: rezista 20 za kilo-ohm 1, za nusu wati, zote sambamba. Zinakupa ohm 50 na wati 10. Usitumie za waya uliozungushwa, hizo ni koili kwa jina jengine. Weka diodi na kapasita ndogo upande wa juu, na mita ya kawaida itakusomea kilele cha volti. Zidisha volti hizo zenyewe kwa zenyewe, gawanya kwa 100, unapata wati. Ukiona 22, uko karibu na 5.

Fanya vipimo hivyo kifuniko kikiwa wazi, andika. Funga, andika tena. Sikiliza masafa kwenye redio nyengine wakati unafunga. Yakihama hezi 50, sawa. Yakihama kilohezi, koili iko karibu na bati au kuna ukuta haukulehemiwa chini. Halafu bonyeza ufunguo sekunde 30, achia, gusa transista kwa kidole. Ukiweza kukiacha kidole ukahesabu mpaka kumi, lala salama.

Mwisho, badilisha rezista moja ya katikati ya bodi. Kweli, ing'oe uirudishe. Ukishindwa bila ya kuchoma waya wa jirani, redio ni ndogo mno kwako, na ni heri ulijue jambo hilo mezani kuliko pwani ya Vumawimbi.

Hatua ya 10: Chumvi

Visiwani hapa adui wa redio ni hewa. Sanduku lenye matundu ya kupozea linavuta chumvi kila siku ya kusi, na ndani ya mwaka mmoja waya zinaota kijani. Ndiyo sababu nyengine ya kupenda transista zisizotoa joto jingi: unaweza kuifunga redio bila ya matundu.

Skrubu ziwe za stenlesi au shaba ya njano. Sanduku likiwa la alminiamu na soketi zikiwa za shaba, pale zinapogusana patakuwa na kutu nyeupe, kwa hiyo pakaza grisi kidogo kabla ya kukaza nati. Bodi ikishafaulu vipimo ipige vanishi nyepesi, ukiacha kristali, volyumu na soketi. Na ukirudi kutoka pwani usiifunge redio ndani ya begi lenye taulo bichi.

Antena, kwa ufupi tu

Redio ndogo haihitaji antena ndogo, inahitaji kinyume chake. Waya wa nusu wimbi kwa megahezi 7.030 una mita 20.3, kila upande 10.15, na minazi miwili inaubeba bila ya kulalamika. Ukiuweka chini, mita tatu au nne, mchana mawimbi yanapanda wima yakarudi karibu, kwa hiyo Unguja na Pemba zinasikizana vizuri. Ukitaka mbali, nenda ukingoni mwa bahari na fimbo ya wima, maji ya chumvi ni ardhi nzuri kuliko waya zote utakazofukia. Ila tazama bamvua. Maji hupanda na kushuka kiasi cha mita 4, na pwani ya mashariki yanapotoka yanakwenda mbali. Niliwahi kusimamisha fimbo Jambiani mguuni mwa bahari, nikainama kwenye daftari, nilipoinua kichwa wakulima wa mwani walikuwa wanapita baina yangu na maji. Mara nyengine yalirudi wakati nimevaa hedifoni.

Redio iliokoka kwa sababu ilikuwa juu ya ndoo. Kijaluba cha bibi kilikuwa ndani ya begi, nacho kikaokoka. Siku hizi kinabeba fyuzi mbili, BS170 tatu za akiba, kristali moja, na kipande cha lehemu kilichozungushwa kama donge la uzi.